Hema la Upande wa Pili

Kamati yetu ilijua kufanya kitu kimoja tu, nacho ni harusi. Nalisema hili mwanzoni kwa sababu wapo ambao mpaka leo wanadhani kilichoharibika siku ile kiliharibiwa na fundi wa vipaza sauti. Maskini yule kijana hakuwa na kosa lolote. Mchoro wa viti niliuchora mimi, kwa rula, kwenye karatasi ya ofisini, na nikaupiga picha nikautuma kwenye kundi letu la simu. Wote wakaweka dole gumba.

Tulikuwa watu tisa, majirani wa mtaa wa Kagarama, hapa Kigali, na wenzetu wachache wa kanisani, na kwa miaka mingi tumekuwa tukisaidiana kuozesha watoto. Mwenyekiti wetu ni mwalimu mstaafu, mama aliyesomeshwa kwa Kifaransa, ambaye akisema "bon" basi kikao kimefunguliwa na anayepiga soga nyuma anyamaze. Mimi ni katibu. Nilikulia Karagwe, upande wa Tanzania, na mwandiko wangu umenifanya niwe katibu wa kila kitu ninachojiunga nacho, hata nikijificha viti vya nyuma. Mapambo yalikuwa kazi ya rafiki yangu, Mtanzania wa Tanga anayeuza vitenge soko la Kimironko. Ndiye Mwislamu pekee katika kamati, anachelewa vikao vyote bila aibu, na kila mara anafika na kashata au karanga, kwa hiyo tunamsamehe kabla hajakaa.

Siku hiyo mwenyekiti alisema safari hii hatuozi. Tunafanya harambee ya saratani. Nusu ya mchango ingekwenda kwa chama cha wanawake waliougua wakapona, ambao walihitaji nauli za kliniki na mahali pa kukutania. Nusu nyingine ingekwenda kwa daktari mmoja wa chuo kikuu aliyekuwa anafanya utafiti: alitaka kujua kwa nini wanawake wa mitaa yetu wanafika hospitali wakati ugonjwa umeshatembea mwili mzima. Wote tulikubali, hakuna aliyepinga, na hakuna aliyeuliza harambee ya saratani inafanywaje. Tukagawana kazi zilezile: mahema, viti, chakula, soda, muziki, protokoli. Protokoli ni wale wasichana wanaovaa mishanana, vazi la Kinyarwanda la kufunga begani, na kukuonyesha kiti chako. Hapa Kigali shughuli isiyo na protokoli watu huidharau toka getini. Tukamkodi na msemaji yuleyule anayetuongozea shughuli zote, mwanaume mwenye tumbo la heshima na ulimi usiochoka.

Kwa ambaye hajawahi kuhudhuria gusaba, yaani siku ambayo familia ya kijana inakwenda kumwomba binti, nieleze kidogo. Yanasimamishwa mahema mawili yanayotazamana, na katikati panaachwa uwanja. Huku wanakaa waombaji, kule wenye binti. Kila upande una msemaji wake, na wanatupiana maneno na utani saa nzima kabla binti hajaonekana. Kila upande pia una mkubwa wake, ambaye husimama na kuwatambulisha watu wake mmojammoja: huyu ni shangazi, huyu ni mjomba, huyu ni mtoto wangu wa tatu.

Kwa hiyo nilipochora, mkono wangu ulikwenda wenyewe. Nikachora mahema mawili yanayotazamana. Juu ya moja nikaandika "Wageni". Juu ya lingine nikaandika "Waliopona". Katikati, pembeni kidogo, nikachora meza ndogo ya katibu.

Sasa niseme jambo ambalo kamati haikulijua. Miaka miwili kabla ya hapo nilikatwa titi la kushoto. Nilipewa dawa, nywele zikaondoka zikarudi, nikapona. Aliyejua alikuwa bosi wangu, kwa sababu lazima mtu asaini likizo, na rafiki yangu wa Tanga, kwa sababu siku moja nilishindwa kushusha jora la kitenge dukani kwake na hakukubali uongo nilioutoa. Mama yangu hakujua. Nilimwambia ofisi imenipeleka Dar es Salaam kwa mafunzo ya miezi mitano. Nilikuwa nampigia simu nikiwa kitandani kwangu Kagarama, na rafiki yangu akipita nyuma yangu akinadi korosho kwa sauti ya Kariakoo ili mama aamini. Tulicheka sana kwa hilo. Baada ya kukata simu nilikuwa nalia, lakini kucheka tulicheka.

Sababu ya kumficha ilikuwa mama yangu mdogo. Aliugua ugonjwa huohuo, na mama alimuuguza nyumbani kwake Ndera, pembeni ya mji, kwa miezi minne, peke yake, akimwogesha, akimgeuza, akimpikia uji anaounywa vijiko viwili. Baada ya mazishi mama hakugusa cherehani yake karibu mwaka mzima. Ni fundi, tangu Karagwe, na sijawahi kumwona akikaa na mikono mitupu kabla ya hapo. Aliponiambia kwamba ule ugonjwa hana nguvu ya kuuona tena kwa mtu wake, nilimwamini. Kwa hiyo ulipofika kwangu niliufungia mlango nikaubana humohumo na mimi.

Kuwa mtoto wa fundi na kuwa na mwili wa kuficha ni kazi. Mama ana daftari lenye vipimo vya watu wake wote, la jalada gumu, ambalo alianza kuliandika kabla sijazaliwa. Kila Pasaka na kila Krismasi hunishonea nguo. Tangu nikatwe, kila akichukua futi yake kunipima, nilikuwa na haraka. "Tumia vipimo vya zamani, mama, sijanenepa." Akashona kwa vipimo vya zamani. Nami nikakata sifongo, nikaishonea ndani ya kitambaa cha pamba, nikaijaza pale. Lakini sifongo ni sifongo. Nikivaa, mama alikuwa ananizunguka, anavuta kitambaa, anasema huku kushoto panakaa vibaya, cherehani imezeeka. Aliita fundi wa cherehani mara mbili. Nilimwangalia anavyoilaumu cherehani isiyo na kosa na nikanyamaza, na kwa hilo sijajisamehe.

Basi, meza ya katibu haikuwa bahati mbaya. Ningekaa katikati, si huku wala kule, nikiandika. Nilikuwa nimejichorea maficho.

Shughuli ilikuwa Jumamosi alasiri, katika uwanja wa shule moja Kimironko. Mahema yalisimama vizuri. Rafiki yangu alifunga viti vya pande zote mbili kwa vitambaa vya waridi, fundo moja moja, na kwa mara ya kwanza katika historia aliwahi kufika. Mama alikuja kutoka Ndera na majirani zake wawili. Mwenyewe ndiye aliyeshona blauzi za wasichana wa protokoli, bure, na nilipomwambia asijisumbue kuja, aliniuliza kama nimesahau alimzika nani. Akakaa hema la wageni, mstari wa mbele, mkoba magotini.

Ilipofika saa tisa hema la wageni lilikuwa limejaa mpaka watu wanasimama. Hema la waliopona lilikuwa na viti arobaini na hakuna mtu hata mmoja.

Kiongozi wa chama chao alikuwa ameniahidi watu thelathini, na sikuwa na shaka naye, kwa sababu walikuwa wamefika. Niliwaona. Wapatao watano au sita nilikaa nao kwenye benchi moja tukisubiri dripu, na wao waliniona. Walikuwa ndani ya hema la wageni, wametawanyika kati ya wanakwaya na wafanyakazi wa maofisini, wamevaa vitenge vyao vizuri, wametulia. Mmoja anauza nyanya palepale soko la Kimironko; alisimama nyuma ya nguzo ya hema ingawa kiti kilikuwepo. Tulisalimiana kwa macho tu, haraka, kama watu waliowahi kukopeshana kitu.

Hapo ndipo nilipouona mchoro wangu. Kukaa kule ng'ambo kulimaanisha kuvuka uwanja mtupu mbele ya watu mia mbili na kusema kwa miguu yako kile ambacho hujamwambia mumeo, au mama mkwe, au anayekupangisha nyumba. Hapa kwetu mtu akiuliza habari unajibu ni nzuri hata kama unatoka kumzika mtu. Kati ya watu wote tisa wa kamati, mimi peke yangu ningepaswa kulijua hilo. Nilijichukia pale nilipokaa.

Mwenyekiti alikuja akainama kwenye meza yangu. "Bon. Katibu, watu ya kule iko wapi?"

"Sijui, mwalimu."

"Wewe uliandika thelathini."

"Niliandika walichoniambia."

"Sasa tufanye nini? Daktari iko anangoja. Tutoe viti?"

Nikamwambia tukitoa viti itakuwa tunatangaza kwamba hakuna aliyepona. Akasema "Mana yanjye", yaani Mungu wangu, akaenda kwa msemaji, jambo ambalo nisingemruhusu kama ningelijua mapema.

Msemaji wetu hajawahi kushindwa na ukimya. Alishika kipaza sauti akasema kwa furaha ileile ya kumwita bibi harusi: "Tunaomba sasa wale wote Mungu aliwaponya saratani, wasiogope, wapite hapa katikati, na sisi tutawapigia makofi! Makofi, jamani!" Makofi yakaanza. Kisha watu wakaanza kugeuza shingo, kulia na kushoto, kutafuta nani atainuka. Muuza nyanya alikuwa anaangalia viatu vyake. Makofi yakapungua, yakabaki ya mtu mmoja, naye akaacha. Wasichana wa protokoli walikuwa wamesimama kwenye lango la hema tupu, mikono imekunjwa kwa adabu, hawana wa kumwonyesha kiti. Mimi niliandika saa kwenye daftari la kumbukumbu. Saa tisa na dakika ishirini. Nilikuwa na hasira ya kutosha kumpiga msemaji na rula.

Daktari wa utafiti alikuwa amekaa mstari wa mbele. Alifungua kidaftari chake, akatazama hema lile kwa muda, akakifunga bila kuandika kitu.

Ndipo mama akainuka. Sikumwona alipoanza, nilisikia sauti yake, anamuuliza msichana wa protokoli kwa Kinyarwanda, na nikageuka. Alikuwa anauliza kama upande ule umekosa watu.

"Ndiyo, mukecuru," msichana akajibu, akimwita bibi kwa heshima. "Bado hawajafika."

"Basi mimi nitakaa huko."

Akavuka uwanja. Polepole, mkoba kwapani, kama mtu anayevuka ua wake.

Mama hakuwa anafanya jambo la ajabu, na kila mtu wa umri wake pale alilielewa mara moja. Tangu turudi Rwanda kutoka Karagwe, baada ya mwaka wa tisini na nne, ameshakaa upande wa watu asiowajua mara nyingi kuliko ninavyokumbuka. Katika mji huu wengi tumewahi kuona gusaba ambayo upande wa binti una viti na hauna watu, na sababu hatuulizani. Majirani wanavuka. Mmoja anakuwa shangazi, mwingine anakuwa baba mdogo, wanasimama wanatambulishwa, wanakula, na mara nyingi undugu huo unabaki. Mama anao watoto watatu wa namna hiyo. Mmoja humletea ndizi mpaka leo. Upande ukikosa watu, unakwenda kukaa. Kwake ilikuwa ni adabu tu, hata kidogo haikuhusu ugonjwa.

Alipokaa, majirani zake wawili wa Ndera wakamfuata. Kisha mzee mmoja wa kanisa, na fimbo yake. Kisha rafiki yangu wa Tanga, aliyevuka akisema kwa sauti kwamba yeye viti hivyo amevifunga mwenyewe na hajaona sababu ya kuvikosa. Wanakwaya wakainuka kwa mkupuo. Ndani ya msafara huo nikamwona muuza nyanya akiacha nguzo yake na kuingia katikati ya wengine, na yule mwenye kitenge cha njano niliyekaa naye benchi, na wengine wawili. Ilichukua kama dakika tano. Mahema yote mawili yakawa yamejaa, na hakuna ambaye angeweza kusema nani alikuwa mgonjwa na nani alikuwa jirani.

Nilipumua. Nilidhani yamekwisha. Mama akanitafuta kwa macho kwenye meza yangu, akaniita kwa kidole, vilevile alivyokuwa ananiita Karagwe nikicheza mbali. "Wewe! Njoo. Utaniachaje ugenini peke yangu?"

Nikachukua daftari langu nikaenda nikakaa pembeni yake. Nilikuwa salama hata huko. Kulikuwa na watu arobaini wa kujifichia.

Msemaji sasa alikuwa amerudi kwenye reli yake. "Aah! Kumbe mna watu!" akasema. "Na sisi huku tuko tunataka kuwajua. Mkubwa wenu asimame, atutambulishie familia." Watu wakacheka, kwa nafuu zaidi kuliko kwa kichekesho. Msichana akamletea mama kipaza sauti.

Mama hana hofu na watu. Alisimama, akakishika kipaza sauti kama anavyoshika mkasi, akasema kwa Kiswahili chake kilekile cha Karagwe, kwa kuwa alikuwa ameona Wakenya na Watanzania wa maofisini mstari wa pili.

"Mimi ni fundi wa kushona, natoka Ndera. Nimekaa hapa kwa sababu ya mdogo wangu. Yeye alikuwa na huu ugonjwa. Hakupona. Angepona, kiti hiki kingekuwa chake." Akawageukia majirani zake. "Hawa wawili ni majirani zangu, tunalima wote maharage. Huyu mzee simjui lakini ana sura nzuri." Watu wakacheka tena. Kisha akaweka mkono begani kwangu. "Na huyu ni mtoto wangu. Huyu ni mzima, hana shida yoyote, namshukuru Mungu sana. Amekuja kunisindikiza tu."

Nilichotakiwa kufanya ni kutabasamu. Miaka miwili nilikuwa nimedanganya kwa jasho, na sasa uongo umekuja wenyewe, umeshonwa tayari, na anayeusema ni yeye. Lakini alikuwa anamshukuru Mungu kwa kitu ambacho hakikutokea, mbele ya watu mia mbili, na mkono wake ulikuwa begani kushoto, shubiri moja tu kutoka kwenye sifongo. Sikuweza. Sikuamua kuwa jasiri. Nilishindwa tu kuendelea, kama mtu anavyoshindwa kubeba ndoo hatua moja zaidi.

"Mama," nikasema. "Nilikuwa nao."

Nilisema taratibu, lakini kipaza sauti kilikuwa mkononi mwake, na uwanja wote ulisikia.

Akainama kunitazama. "Nini?"

"Huo ugonjwa. Nilikuwa nao. Nilifanyiwa upasuaji. Nimepona, mama. Ni miaka miwili."

Msemaji, kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu, alizima kipaza sauti chake. Hakuna aliyepiga makofi, na kwa hilo nawashukuru watu wote waliokuwepo. Mama alibaki amesimama. Kisha mstari wa nyuma yetu kiti kikasogea, na muuza nyanya akasimama, akasema, "Na mimi. Na huyu tulikuwa naye pamoja," akaketi upesi kama aliyeungua. Akasimama yule wa kitenge cha njano. Wakasimama wengine watatu, mmoja kutoka hema la wageni ambaye sikuwahi kumdhania, mke wa mtu mwenye cheo. Si wote. Wapo ninaowajua mimi waliobaki wamekaa wakitazama mbele, na walikuwa na haki yao.

Mama akampa msichana kipaza sauti, akakaa. Hakunitazama. Ratiba ikaendelea kwa sababu lazima iendelee. Daktari aliongea kwa dakika chache tu. Alisema alikuwa ameandaa hotuba ya kueleza kwa nini tunachelewa kufika hospitali, lakini anaona hahitaji kuisoma. Kisha watu wakaanza kutoa, kwa mtindo wa harusi, maana hatujui mwingine: wanasimama kwa familia, wanaahidi ng'ombe, vigelegele vinapigwa. Mtu wa Nairobi wa mstari wa pili akaahidi mbuzi akashangiliwa kuliko wote. Tulipata tulichokitafuta na kidogo juu yake.

Katikati ya vigelegele hivyo, mama, akiwa bado anatazama uwanjani, akaniuliza: "Nani alikuwa anakupikia uji?"

Nilikuwa nimejiandaa kwa maswali mengi, lakini hilo halikuwemo. "Rafiki yangu."

"Yupi?"

Nikamwonyesha kwa kidevu rafiki yangu wa Tanga, aliyekuwa anapiga vigelegele kwa ajili ya mbuzi.

"Yule wa korosho," mama akasema.

Sikujua kama alikuwa amegundua sasa hivi au zamani. Sikuthubutu kuuliza.

"Alikuwa anaweka ulezi au mahindi?"

"Mahindi, mama. Na pilipili manga kidogo."

"Pilipili manga." Alitikisa kichwa taratibu. "Mgonjwa anapewa pilipili manga, na mama yake yuko Ndera, moto anao, sufuria anayo." Akafungua mkoba akatafuta kitambaa, hakukipata, nikampa changu, akakipokea bila kunitazama.

Aliondoka na majirani zake kabla ya chakula. Siku tatu hakupokea simu zangu. Kwa siku zile tatu niliogopa kuliko nilivyoogopa nilipopewa majibu ya hospitali, na si kwamba natia chumvi. Niliamini nimemmaliza. Rafiki yangu alikuja jioni ya Jumatatu na kashata zake, akakaa na mimi, akaniambia mwanamke aliyevuka uwanja ule hamalizwi na kitu kidogo kama mimi.

Jumatano asubuhi, kabla sijatoka kwenda kazini, nikasikia mtu akilipa pikipiki getini. Mama alikuwa na sufuria yake amefunga kwenye kanga, mfuko wa ulezi, na ule mkoba. Hakusalimia. "Piga simu kazini," akasema, akaingia jikoni.

Nikapiga simu kazini. Akapika uji wa ulezi, mzito, na maziwa, akaumimina kwenye kikombe kikubwa, akavuta kiti akakaa mbele yangu kuhakikisha. Nilikuwa mzima, nilikuwa nimeshakunywa chai, na nilikuwa na kikao saa nne ambacho nimeshakifuta. Niliunywa wote. Alipoona kikombe kitupu akajaza tena, na huo nao nikaunywa, na machozi yangu yalikuwa yanaingia humohumo.

"Vua," akasema.

Nikavua blauzi, ile aliyoishona Krismasi. Nikatoa na sifongo nikaiweka mezani. Akaichukua, akaigeuza, akatazama mshono wangu pembeni. "Umeshona ovyo," akasema, akaiweka chini. Kisha akasogea akatazama kovu. Alilitazama kwa muda mrefu, kwa jicho la kazi, akalipitisha kidole kutoka mwanzo mpaka mwisho bila kubonyeza. "Huyu daktari ana mkono," akasema. "Nilikuwa naisema cherehani bure."

Nikataka kumwomba radhi. Nilikuwa nimeyapanga maneno tangu Jumamosi. Alikuwa ameshafungua mkoba, ametoa futi na lile daftari la jalada gumu, na penseli iliyochongwa kwa kisu. Akafungua ukurasa wangu. Ulikuwa na namba za tangu nilipokuwa na miaka saba, mstari kwa mstari, kila moja imekatwa na inayofuata kuandikwa chini yake. Akaikata ya mwisho. Akapitisha futi mgongoni kwangu, akaileta mbele, na futi haikuteleza.

"Simama wima," akasema. "Ukijikunja, kipimo kinadanganya."